Rolo za mdalasini zinaungua chini huku katikati bado mbichi: kosa ni moto, trei au sukari?

tanuri_ndogo (#1)
Wakuu habari. Naweka kila kitu wazi ili tusikisie.

Oveni ni ya umeme ya mezani, lita 35, koili mbili juu na mbili chini, haina feni. Trei ni ile nyeusi iliyokuja nayo. Donge: unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 250, sukari gramu 100, siagi gramu 80, yai 1, hamira gramu 7, chumvi kijiko cha chai 1. Kujaza ndani: siagi iliyoyeyushwa gramu 100, sukari gramu 200, mdalasini wa unga vijiko vya chakula 2. Nakata 12, naziacha ziumuke mpaka zijae trei, naoka nyuzi 200 kwa dakika 25.

Matokeo ni yale yale: chini tabaka jeusi la sukari, chungu; juu rangi safi kabisa; zile mbili za katikati ukizifungua donge linanata kidoleni. Nikipunguza dakika, katikati mbichi zaidi. Nikiongeza, chini mkaa mtupu. Tatizo ni moto, trei au sukari?

hamira_kijiko (#2)
Moto. Nyuzi 200 kwa rolo 12 zilizobanana kwenye trei moja ni nyingi. Shusha 175 hadi 180, dakika 25 hadi 28. Uzi ufungwe.

skonzi_za_jioni (#3)
Usifunge mapema mkuu. Wasweden wanaoka vibule vyao (mikate midogo) vya mdalasini kwa nyuzi 225, wengine hadi 250, na haviungui.

hamira_kijiko (#4)
@skonzi_za_jioni vibule vyao ni vidogo, kila kimoja kinakaa peke yake kwenye karatasi, na vinatoka ndani ya dakika 8 hadi 10. Joto linaingia kila upande. Za mtoa mada zimeshikana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo za katikati zinapata moto wa juu na wa chini tu. Huwezi kuchukua nyuzi za mapishi ya aina moja ukazipeleka kwa aina nyingine. Wengi wanaharibikiwa hapo: wanaona 225 mtandaoni na hawaangalii umbo la mkate wenyewe.

fundi_oveni (#5)
Kabla ya kubishana 180 au 200, nani kamwambia mtoa mada kwamba oveni yake ikiandika 200 ni 200 kweli? Kwenye oveni hizi ndogo themostati iko ukutani, mbali na trei, na kitufe kinaweza kupotoka nyuzi 20 au 30 bila shida yoyote. Nunua kipimajoto cha oveni, kile cha kuning'iniza kwenye waya (wavu wa kuwekea trei), ukisome baada ya dakika 20.

Jambo la pili ni zile dakika za mwanzo. Taa ya oveni ikizima mara ya kwanza, usiingize trei. Hewa imepata moto, kuta bado. Ukifungua mlango joto linashuka, koili za chini zinawaka nyekundu kwa nguvu zote kulirudisha, na trei nyeusi iko sentimita tano tu juu yake. Inapigwa na mnururisho wa moja kwa moja, yaani joto linaloruka kutoka kwenye koili bila kubebwa na hewa. Subiri taa iwake na kuzima mara mbili tatu, kuta zishibe moto, ndipo uingize haraka na kufunga mlango.

Tatu, pandisha waya. Kinachotakiwa kuwa katikati ya oveni ni rolo zenyewe, trei ikae chini kidogo ya nusu.

Sukari Guru (#6)
Nasoma majibu yote yanazungumzia moto wakati mtoa mada kasema juu rangi safi. Moto ungekuwa mwingi kiasi hicho, juu nako kungeiva kupita kiasi. Mimi nasema ni sukari iliyovuja.

Donge lina maji. Maadamu maji yapo, ndani yake joto halivuki nyuzi 100. Sukari iliyotoka nje ya rolo haina ulinzi huo. Inakaa kwenye bati kama sharubati, maji yanakauka, joto linapanda hadi 160, 170, inageuka karameli, na ikizidi hapo inakuwa nyeusi na chungu. Mkate juu yake unaweza kuwa haujaiva wakati sharubati imeshaungua kitambo.

Imevuja kwa nini? Kwa sababu siagi imeyeyushwa. Siagi ya maji inapita chini ya sukari, inaibeba, na donge likianza kutanuka inapata njia ya kutoka. Tumia siagi laini ya kupakika, gramu 70, na sukari gramu 120. Kwenye sukari na mdalasini changanya kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano au wanga wa mahindi, ushike maji ya sukari. Ukingo wa mwisho wa donge acha sentimita mbili bila siagi, upake maziwa kidogo, ubane ushikane.

keki_za_Njiro (#7)
Namuunga mkono Sukari Guru kuhusu siagi, lakini si kuhusu kiasi. Gramu 200 za sukari kwa unga gramu 500 ni kawaida kabisa kwa rolo za Kimarekani, na kwenye bati jeupe la alumini hazitoi tabaka jeusi. Trei nyeusi inameza mnururisho, alumini inayong'aa inaurudisha. Ukitumia trei nyeusi, shusha nyuzi 15 hivi. Ukitumia bakuli la kioo vilevile shusha, na ujue kioo kinachelewa kupata moto halafu hakipoi upesi: ukishatoa, chini kunaendelea kuoka mezani.

Sufuria pana ya alumini, ile ya kawaida isiyo na rangi ndani wala nje, inatosha. Haihitaji bati la gharama.

mlimani1700 (#8)
Salamu kutoka Nairobi. Kwa wale wenye trei nyeusi peke yake: weka trei mbili, moja juu ya nyingine, na kati yake vipande vinne vya foili vilivyokunjwa kwenye pembe ili pabaki nafasi ya hewa. Chini panapoa vizuri. Ongeza dakika tatu hadi tano.

Mkate wa Sinia (#9)
Assalaam aleikum. Wanangu, mnahangaika na vitufe. Mikate ya pwani tangu zamani inaokwa kwa makaa, chini kidogo na juu mengi, na haiungui. Kanuni ni ile ile ya kupalia wali: moto wa kupandisha mkate utoke juu. Kwenye oveni yake, azime koili za chini dakika kumi za mwisho, abaki na za juu.

fundi_oveni (#10)
@Mkate wa Sinia waalaykum salaam bibi. Kwenye oveni yenye kitufe cha kuchagua koili inawezekana, ila uangalifu: ukibaki na koili za juu tu zinawaka muda wote bila kupumzika, na juu kutaungua ndani ya dakika tano. Afunike foili.

Mkate wa Sinia (#11)
Foili ipo, mwanangu, hilo sikulikataa.

Chapati ya Maji (#12)
Bibi tupe basi ya makaa kwa vipimo, maana huku mtaani umeme unakatika rolo zikiwa ndani. Mnaongea nyuzi sisi tuna jiko la mkaa na sufuria.

Mkate wa Sinia (#13)
Sufuria kubwa nzito yenye mfuniko uliokaa sawa. Chini mwaga mchanga mkavu uliooshwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka kigae au kipande cha tofali, bati la rolo lisigusane na mchanga. Funika, pasha dakika kumi na tano kwa moto wa kati.

Kisha gawa makaa: robo ibaki jikoni, robo tatu juu ya mfuniko. Yale ya chini yafunike jivu, yasiwe mekundu matupu. Rolo zikate ndogo, sentimita tatu, ziwe nane au tisa, zisijae bati. Ingiza, funika, usifunue kabla ya dakika kumi na tano. Baada ya hapo zungusha mfuniko robo duara ili makaa yasikae mahali pamoja. Dakika 25 hadi 30 zimeiva. Ukisikia harufu ya sukari kali kabla ya dakika ya kumi na tano, toa makaa yote ya chini, mchanga wenyewe una joto la kutosha kumalizia.

Chapati ya Maji (#14)
Ahsante sana bibi. Hii naihifadhi.

hamira_kijiko (#15)
Nyongeza kwa wa makaa: msitumie kikaango cha kutoshika kikiwa kitupu juu ya moto kwa dakika hizo kumi na tano. Ule utando wake haufai kupashwa moto mkali bila kitu ndani. Sufuria ya alumini nzito au chuma.

Iliki na Karafuu (#16)
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu mdalasini wenyewe? Uchungu wa chini unaweza kuwa mdalasini ulioungua. Unga wa mdalasini ukikaa kwenye bati la moto bila kufunikwa unakuwa mchungu upesi kuliko sukari. Na vijiko viwili vya aina ipi? Ule wa magome membamba yaliyojikunja tabaka nyingi, unaovunjika kwa kidole, ni mdalasini halisi, ndio unaolimwa Zanzibar. Ule wa gome nene gumu lenye mkunjo mmoja ni kasia, mkali zaidi. Kasia vijiko viwili ni vingi, kimoja na nusu kinatosha.

Sukari Guru (#17)
@Iliki na Karafuu kasia ina faida moja hapa: ikilowa inatoa ute unaoshika sharubati isikimbie. Kwa kujaza rolo naipendelea kuliko ule halisi. Ladha tutabishana, kwa kuvuja naona kasia inashinda.

Iliki na Karafuu (#18)
Kama unataka kushika sharubati tia wanga, kama ulivyosema mwenyewe kwenye #6. Mdalasini ni wa harufu.

skonzi_za_jioni (#19)
Na msitie mdalasini kwenye donge. Nimeona mapishi mengi yanasema kijiko kizima ndani ya unga. Mafuta ya mdalasini yanazuia hamira kufanya kazi, donge linachelewa kuumuka, rolo zinabaki nzito na katikati haziivi. Kwenye donge tia iliki, kijiko cha chai kimoja kwa nusu kilo. Wasweden ndivyo wanavyofanya, nasi iliki kwenye maandazi hatuhitaji kufundishwa.

hamira_kijiko (#20)
Wewe na Wasweden wako leo.

skonzi_za_jioni (#21)
Wana siku maalumu ya kibule cha mdalasini, tarehe 4 Oktoba, tangu 1999. Mtu aliyekitengea kitu siku yake mimi namsikiliza.

mlimani1700 (#22)
Turudi kwenye "katikati mbichi". Kipimo cha kijiti cha keki hakifai hapa, kijiti kinatoka na sukari na siagi, unadhani ni unga mbichi. Chomeka kipimajoto cha nyama kwenye rolo ya katikati kabisa, kwenye donge, usiguse mchanganyiko wa sukari. Kikisoma 88 hadi 90 zimeiva, toa. Kama huna, tumia kisu chembamba kunyanyua jicho la rolo ya katikati: donge likiachia kwa nyuzinyuzi kavu liko tayari, likinyooka kama gundi bado.

keki_za_Njiro (#23)
Wengine wanasema hadi 96.

mlimani1700 (#24)
96 ni ya mikate migumu ya maji na chumvi. Donge lenye maziwa, yai na siagi likifika 96 limekauka. Tena huku Nairobi maji yenyewe yanachemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Ukisubiri 96 utasubiri mpaka chini kuwe mkaa. Arusha kwenu ni mita 1,400, maji yanachemka 95 hivi. Hata wewe huifikii.

keki_za_Njiro (#25)
Sawa, hilo nakubali. Na kwa sisi wa mwinuko hamira nayo ipunguzwe, gramu 5 badala ya 7, hewa nyepesi inafanya donge lipande haraka halafu lishuke.

hamira_kijiko (#26)
Hapo kwenye kuumuka ndipo naona kosa jingine la mtoa mada ambalo halijaguswa. Kasema anaziacha "mpaka zijae trei". Usitumie trei kama saa. Dar joto la chumba ni 30, rolo zilizokatwa zinahitaji dakika 30 hadi 45 tu. Bonyeza ubavu kwa kidole kilicholowa: shimo likirudi polepole na kubaki kidogo, ingiza. Likibaki kama lilivyo, zimepitiliza. Zilizopitiliza zina kuta dhaifu, zikipata moto zinalegea badala ya kupanda, sukari inamwagika yote chini. Kwa hiyo hata nadharia ya Sukari Guru ya kuvuja inaweza kuanzia kwenye kuumuka. Siagi yaweza isiwe na hatia.

Sukari Guru (#27)
Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Chumba cha Dar kina 30. Ukiacha rolo dakika 45 jikoni karibu na jiko lililowaka, siagi iliyokuwa laini nayo imekuwa maji. Kwa hiyo siagi ina hatia, na jikoni nako kuna hatia. Aumulie mbali na jiko. Na akitumia majarini asome kopo: zile za kupaka zenye mafuta chini ya asilimia 80 zina maji mengi zaidi, zinavuja vibaya. Siagi ina maji asilimia 16 hivi.

fundi_oveni (#28)
Kwa mtoa mada na wengine wasio na kipimajoto. Tandaza slesi za mkate mweupe wavu mzima, oveni 180, dakika kumi. Geuza uangalie: slesi iliyoiva sana inakuonyesha mahali penye moto mkali. Kwenye oveni nyingi za mezani ni kona ya nyuma, upande wa nyaya. Ukishajua, geuza trei nusu duara ikifika dakika ya 15. Usiigeuze mapema zaidi, donge halijasimama.

Iliki na Karafuu (#29)
Kuna kipimo kingine cha sukari: sukari nyeupe inayeyuka kwenye nyuzi 186. Weka kijiko kwenye foili, oveni 180 kwa dakika 15, isiyeyuke. Pandisha 190, iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 180 oveni yako ina moto kuliko inavyoandika.

Sukari Guru (#30)
Masharti mawili. Iwe nyeupe iliyosafishwa, maana sukari zetu nyingi za kahawia zina molasi na zinalegea mapema. Na isizidi dakika 15, sukari ikikaa muda mrefu inaharibika na kuyeyuka hata chini ya 186.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sukari zetu: ile ya kawaida ya dukani ina chenga kubwa. Haishikani na siagi, inakaa kama kokoto kisha inayeyuka yote kwa pamoja na kukimbia. Isage kidogo kwenye blenda, sekunde kumi tu, isiwe unga.

keki_za_Njiro (#31)
Na sukari ya kwenye donge? Gramu 100 kwa unga 500 ni asilimia 20. Hapo hamira inaanza kulemewa na ganda linapata rangi mapema, maziwa na yai nayo yanaongeza. Ukiona juu kuna rangi nzuri unadhani zimeiva. Mimi ningeshusha hadi 60. Utamu uko ndani na kwenye aisingi (ile sukari ya kupaka juu), donge halihitaji.

tanuri_ndogo (#32)
Nimerudi na majibu. Kipimajoto kimepatikana. Kitufe kikiwa 200, waya wa chini unasoma 230, waya wa kati 215. Kitufe kikiwa 160, waya wa kati unasoma 180.

Nimeoka kwa kitufe 160, waya wa kati, trei ile ile nyeusi, vipimo vile vile, siagi ya kuyeyusha vile vile, ili nibadilishe kitu kimoja. Dakika 27. Katikati imesoma 89, zimeiva safi. Chini ni kahawia iliyokolea, ngumu kidogo, si chungu. Isipokuwa mbili za kona ya nyuma kulia, hizo bado nyeusi.

hamira_kijiko (#33)
Moto. Nilisema kwenye #2.

Sukari Guru (#34)
Chini bado kahawia iliyokolea na ngumu. Hiyo ngumu ni karameli ya sukari iliyovuja. Na hizo mbili nyeusi ziko palepale penye sukari.

fundi_oveni (#35)
Ziko palepale penye koili, mkuu. Kona ya nyuma, nimeitaja kwenye #28.

keki_za_Njiro (#36)
Trei nyeusi bado ipo kwenye hesabu. Abadilishe trei tu, mengine yabaki, tuone.

Mkate wa Sinia (#37)
Mwanangu tanuri_ndogo, hongera. Sasa weka karatasi ya kuokea chini, na juu ya karatasi usipake siagi. Wengi wanapaka siagi nyingi kwenye bati ili isishike, ile siagi inakaanga sukari.

skonzi_za_jioni (#38)
Bakuli la maji kwenye waya wa chini je? Maji hayavuki 100, yanakula moto wa koili kabla haujafika kwenye trei.

fundi_oveni (#39)
Kwenye oveni kubwa ya gesi nakubali, tena pale inasaidia sana, moto wote unatoka chini na zile za bei nafuu hazishuki chini ya 180 hata uzungushe vipi. Kwenye ya mezani ya lita 35 bakuli linakula nafasi, mvuke unalowesha juu, rangi haiji, unaongeza dakika na unarudi ulikotoka. Huko weka trei tupu kwenye waya wa chini badala ya maji, ila iwe ndogo, pande zote zibaki sentimita tatu za kupitisha hewa. Na msitandike foili kwenye sakafu ya oveni. Inaziba njia za hewa, na kwenye baadhi ya oveni inashika na kuharibu sakafu.

mlimani1700 (#40)
Gesi ya nyumbani kwangu iko hivyo hivyo. Waya wa pili kutoka juu, trei mbili, na mlango usifunguliwe dakika 15 za kwanza. Juu haipati rangi kwa kuwa hakuna moto wa juu, hivyo paka yai kabla ya kuingiza. Yai linapata rangi haraka, libaki kwa ajili ya oveni zenye moto dhaifu wa juu kama hizi.

Chapati ya Maji (#41)
Kuna hii ya kumwaga krimu nusu kikombe juu ya rolo kabla ya kuoka. Inazuia kuungua au inaongeza?

keki_za_Njiro (#42)
Inazuia. Krimu mililita 120, iwe vuguvugu, inaenda chini, inachanganyika na sukari iliyovuja, na maji yake yanaizuia kufika kwenye karameli kavu. Rolo zinatoka laini hadi siku ya pili.

Sukari Guru (#43)
Inachelewesha tu. Maji ya krimu yakikauka unabaki na mafuta, sukari ya maziwa na protini ya maziwa chini ya bati, vyote vinavyopenda kubadilika rangi. Kwenye trei nyeusi, oveni isiyopimwa, krimu itaungua pia. Anayetaka ulaini wa siku ya pili apike uji mzito: unga gramu 25, maziwa mililita 125 kutoka kwenye hesabu ya maziwa yake, koroga motoni mpaka mwiko uache njia, upoe, kisha uchanganye kwenye donge. Unga uliopikwa unashika maji mengi, rolo hazikauki.

keki_za_Njiro (#44)
Nakubali uji. Krimu bado naitetea.

hamira_kijiko (#45)
Kwa wanaoandaa usiku ili waoke asubuhi: donge la friji ni chanzo kingine cha katikati mbichi. Rolo zimelala kwenye nyuzi 4 kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mtu anazitoa na kuziingiza moja kwa moja. Nje inaoka, moyo bado baridi. Zikae nje saa moja hadi moja na nusu, ukigusa ya katikati isiwe na ubaridi.

Iliki na Karafuu (#46)
Na kukunja. Ukikunja kwa kuvuta kama unafunga mkeka, moyo wa rolo unasukumwa juu, unatoka kama kofia, hiyo kofia inaungua juu. Kunja ishikane bila kuvuta. Donge lisukumwe mstatili wa sentimita 30 kwa 45, unene milimita sita hivi, utapata 12 za karibu sentimita nne kila moja. Kabla ya kukata, gogo lipumzike friji dakika 15. Kata kwa uzi wa kushonea: pitisha chini ya gogo, vusha ncha juu, kaza. Kisu kinabana kuta pamoja na kuminya sukari nje. Mkia wa kila rolo uingize chini yake.

tanuri_ndogo (#47)
Nimefuata #6, #30 na #46: siagi laini gramu 70, sukari 120 iliyosagwa, unga kijiko kimoja, uzi, friji dakika 15. Kitufe 160. Chini dhahabu, hakuna tabaka. Kona ya nyuma kulia imebadilika kuwa kahawia, na nimegeuza trei dakika ya 15. Trei nyeusi ile ile.

Sukari Guru (#48)
Ahsante kwa kupima kwa uaminifu.

fundi_oveni (#49)
Umebadilisha mambo mawili: sukari na kugeuza trei. Kona imepona kwa kugeuza.

keki_za_Njiro (#50)
Mambo zaidi ya matano, ukihesabu. Na aisingi usiweke zikiwa za moto kabisa, subiri dakika 15, vinginevyo inayeyuka na kuteremka chini kama ile sukari. Jibini laini likiwa ghali: sukari ya unga gramu 150, mtindi mzito vijiko vya chakula 2, ndimu matone machache.

mgeni_jikoni (#51)
Samahani kuingilia. Nina eafraya (air fryer) tu, lita 5. Inawezekana? Juu zinaungua dakika ya sita.

mlimani1700 (#52)
Inawezekana. Huko tatizo limegeuka, koili na feni viko juu. Kibati cha sentimita 15, rolo nne tu, nyembamba, sentimita tatu. Nyuzi 150, funika foili dakika nane za kwanza na uibane vizuri pembeni, feni isiipeperushe ikagusa koili. Ifunue, malizia dakika nne hadi sita. Pima katikati, 88.

hamira_kijiko (#53)
150 ni ndogo, hazitapanda. 160.

mlimani1700 (#54)
Feni inaongeza nguvu ya moto, ndiyo sababu ya kushusha nyuzi 20 kutoka kwenye za oveni ya kawaida. 180 toa 20 ni 160, sawa, lakini hapo koili iko sentimita chache kutoka kwenye rolo. Nabaki na 150.

mgeni_jikoni (#55)
Nitaoka mbili kwa 150 na mbili kwa 160, donge moja. Zile zinazosubiri ziwe friji au mezani?

hamira_kijiko (#56)
Friji, zitolewe za kwanza zinapoingia. Zikibaki mezani zitapitiliza.